Je, wajua kwa nini namba ya gari hupotea ukivuta picha ya kamera?

Wezi wamepita usiku. Asubuhi mnajikusanya kwenye simu moja, mnarudisha rekodi, na gari lao lipo pale getini, linaonekana kabisa. Mtu anaivuta picha ili namba isomeke, na namba yenyewe inageuka miraba ya rangi. Kamera iliuzwa kwa sifa kwamba inageuka, inavuta karibu na unaiendesha ukiwa popote. Imekuwaje?

Jibu ni hesabu ndogo. Picha ya 1080p ina pikseli, yaani vidoti vya rangi vinavyoiunda, 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Tuseme kamera iko kwenye kona ya nyumba, na pale getini inaona upana wa mita 32. Gawanya: kila mita imepata pikseli 60. Kibao cha namba kina urefu wa nusu mita hivi, kwa hiyo kimepata 30. Namba ya gari la kawaida, Kenya au Tanzania, ina herufi na tarakimu saba, kila moja ikabaki na pikseli nne tu. Chukua karatasi ya hesabu, uchore 8 na B kwa vijiraba vinne vya upana, uone kama utazitofautisha. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4 katika toleo lake la 2014, kinataka pikseli 250 kwa kila mita ili sura ya mtu usiyemjua itambulike.

Hapa ndipo aina mbili za zumu, yaani kuvuta picha karibu, zinapoachana. Katika zumu ya lenzi, mota inasogeza vioo vilivyo ndani. Ukivuta mara 5, zile mita 32 zinakuwa mita 6.4, na pikseli zote 1920 zinahamia hapo: 300 kwa kila mita. Zumu ya kidijitali haisogezi kitu. Inakata kipande cha picha na kukitanua. Ukivuta mara 4 unabakiwa na pikseli 480 kwa 270, sehemu moja kati ya 16 ya ulichokuwa nacho. Ni kile kile ulichokifanya kwa vidole kwenye simu. Boksi litaandika X kwa zote mbili, kwa hiyo tafuta neno “optical”. Ukikuta “digital” peke yake, hiyo zumu usiilipie. Kamera nyingi ndogo za Wi-Fi zinazogeuka zina lenzi isiyosogea kabisa.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na ndilo linaloniuma zaidi. Zumu ya lenzi hufanya kazi wakati tukio linatokea. Rekodi iliyochukuliwa kwa upana haivutiki tena kesho yake, hata lenzi iwe ya mara 25. Saa tisa usiku nani yuko macho aisogeze? Na kamera ikiwa imegeuziwa ukuta wa nyuma, getini haioni chochote. Ndiyo maana kwa nyumba ya kawaida ningefunga kwanza kamera isiyogeuka, lenzi yake ikibana getini tu, kisha ile ya kugeuka iwe ya pili, ya kuzungusha macho uani. Kwa ghala, shamba au maegesho yenye mlinzi anayekaa mbele ya skrini, hapo inastahili bei yake.

Kuiendesha kwa mbali nako kuna adabu yake. Picha hukufikia ikiwa imechelewa, sekunde moja au zaidi mtandao ukiwa mzito, kwa hiyo ukishikilia kitufe cha kushoto mpaka uone geti, kamera imeshalipita. Chagua inayohifadhi vituo: geti kituo cha 1, mlango kituo cha 2, unagusa mara moja inakwenda yenyewe. Angalia na bando. Video ya megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 1.8 kila saa. Na nenosiri la kiwandani libadilishe siku ileile. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na vifaa vingi vya namna hiyo kwa kujaribu tu manenosiri ambayo wenyewe hawakuyabadilisha.

Usiku, kumbuka kwamba lenzi nyingi za zumu hupunguza mwanga kadiri zinavyovuta. Kipimo chake ni namba ya f: ikikua, tundu la lenzi linakuwa dogo. Ikitoka f/1.6 kwenda f/3.5, mwanga unaoingia ni kama moja ya tano tu.

Dukani omba iwashwe. Bandika kwenye ukuta wa mbali karatasi yenye maandishi madogo, umwambie muuzaji avute. Zumu ya lenzi utaiona: picha inaingia ukungu kidogo, inatulia, na maandishi yanasomeka. Yakikua bila kusomeka, mrudishie.