Je, wajua nani hasa anaongoza taasisi za vijana za mazingira?

Ukiangalia picha za taasisi ya vijana inayopigania mazingira, karibu kila mara utaona binti au kijana wa miaka 15 ameshika maiki, na wengi tunaamini huyo ndo bosi. Sasa fungua karatasi za usajili za hiyo hiyo taasisi, waliosaini ni watu wazima kabisa. Je, tunadanganywa? Mara nyingi hapana, na sababu ya kwanza ni sheria tu.

Nchi nyingi mtu ambaye hajafika miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba kama mtu mzima, kwa hiyo kupanga ofisi, kuajiri mhasibu, kufungua akaunti ya taasisi benki, yote hayo lazima mtu mzima aweke sahihi. Uingereza wamelegeza kidogo, mwenye miaka 16 anaweza kuwa mdhamini, yaani mjumbe wa bodi, wa taasisi ya hisani iliyosajiliwa kama kampuni au kama chombo kinachojitegemea kisheria, ila kwa aina nyingine kwa kawaida bado ni 18. Hata mahakamani iko hivyo. Ile kesi ya jimbo la Montana kule Marekani, vijana 16 waliishtaki serikali yao ya jimbo mwaka 2020 kuhusu haki ya mazingira safi, na mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 2! Wakashinda 2023, mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikakubali hukumu hiyo mwishoni mwa 2024, lakini mawakili na taasisi iliyobeba kesi, Our Children's Trust, ni watu wazima.

Kwa hiyo swali la maana ni nani anaamua, na hapo ndo pana utamu. Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart aliandika kitabu kidogo cha UNICEF chenye mchoro wa ngazi ya vipandio 8 kuonyesha watoto wanashirikishwa kiasi gani. Vipandio 3 vya chini anasema huo sio ushiriki kabisa, yaani watoto wanatumiwa, au wanawekwa kama mapambo, au wanapewa kiti ili ionekane wapo. Cha kushangaza kipandio cha juu kabisa sio watoto peke yao. Ni pale watoto wanapoanzisha jambo wenyewe halafu wanaamua pamoja na watu wazima. Mimi naona Hart alipatia sana hapo, manake kumwachia mtoto wa miaka 14 kila kitu pamoja na ripoti za wafadhili na mahesabu ni kumtwisha mzigo usio wake.

Mifano ipo. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alianzisha mpango wa vijana wa Roots & Shoots mwaka 1991 Dar es Salaam baada ya wanafunzi kumfuata nyumbani kwake na wasiwasi wao, na utaratibu ukawa kila kikundi kichague chenyewe shida ya kwao ya kushughulikia, mtu mzima anasaidia tu. Mwaka uliofuata Severn Cullis-Suzuki wa Canada, miaka 12, alihutubia mkutano wa dunia wa mazingira Rio de Janeiro, Brazil, yeye na wenzake walichangisha nauli wenyewe. Kisiwa cha Bali, Indonesia nako, ndugu wawili Melati na Isabel Wijsen walianza kupinga mifuko ya plastiki 2013 wakiwa na miaka 12 na 10, na 2019 kisiwa kikapiga marufuku mifuko hiyo.

Kitu ambacho hakisemwi sana ni kwamba kiongozi wa vijana anakua. Anaenda chuo, anaanza kazi, na ghafla taasisi ya vijana inaongozwa na mtu wa miaka 30 anayesema kwa niaba ya watoto wasiomjua, halafu elimu yote ya jinsi ya kuongea na waziri au kuandika bajeti inaondoka naye. Ndo maana wanaofanya vizuri wanaweka ukomo wa umri kwenye katiba, wanaweka viongozi wawili, mmoja mzoefu na mmoja anayejifunza, na viti vya vijana kwenye bodi vyenye kura kamili. Ukitaka kujua taasisi fulani iko kipandio gani, waulize kitu kimoja: mara ya mwisho vijana walipokataa mpango wa watu wazima, nini kilitokea?