Je, wajua kwa nini Serikali ya Marekani hufungwa ilhali hazina ina fedha?

Kodi inaendelea kuingia, mikopo inapatikana, lakini wafanyakazi laki kadhaa wanaambiwa wabaki nyumbani. Kinachokosekana ni idhini ya kutumia.

Sheria ya mwaka 1884 inazikataza idara kutumia fedha ambayo Kongresi, yaani Bunge la Marekani, haijaidhinisha. Kwa miaka mingi bajeti ilipochelewa, ofisi ziliendelea tu na kazi. Mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti akaisoma sheria hiyo neno kwa neno: hakuna idhini, hakuna kazi. Mwaka uliofuata akafafanua kwamba wanaolinda uhai na mali wabaki kazini. Ndiyo maana wanajeshi hubaki kazini, na waongozaji wa ndege hufanya kazi bila mshahara mpaka mvutano uishe.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba, na miswada 12 ya matumizi hutakiwa iwe imepita. Ni nadra yote kuwahi, hivyo hupitishwa sheria ya muda. Hiyo nayo ikikwama, saa sita usiku serikali inafungwa.

Mara nyingi hukwama Seneti, mojawapo ya mabaraza mawili ya Kongresi. Kati ya maseneta 100, zinahitajika kura 60 ili mjadala ufungwe na mswada upigiwe kura. Mwaka 2025 Warepublican walishika Ikulu na mabaraza yote mawili, lakini Seneti walikuwa 53 tu. Wademokrati wakang'ang'ania ruzuku za bima ya afya ziongezwe muda. Wenzao wakajibu, fungueni kwanza serikali ndipo tuzungumze. Zikapita siku 43, kuvuka rekodi ya siku 35 ya 2018–2019, hadi maseneta wanane wa upande wa Wademokrati walipokubali. Walichopata kuhusu ruzuku ni ahadi ya kupigiwa kura.

Anayeumia zaidi ndiye asiyesikika. Tangu 2019 sheria inawahakikishia watumishi wa serikali kuu malimbikizo ya mishahara. Wafagizi na walinzi wa kampuni zenye kandarasi serikalini hawana hakikisho hilo. Siku iliyopita imepita.

Kwetu mlango huu umezibwa. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 222, inaruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha hadi nusu ya makadirio kabla sheria ya matumizi haijapita. Tanzania, Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja.