Sensa ya joto la injini ikidanganya, gari hula mafuta na taa haiwaki

Sensa iliyokufa kabisa haisumbui sana. Kompyuta ya injini huona volti zisizowezekana, huwasha taa, huandika msimbo wa hitilafu P0117 au P0118, kisha huendelea kwa joto la kukadiria na mara nyingi huiacha feni ya rejeta izunguke muda wote. Balaa ni sensa inayodanganya. Injini imefika nyuzi 90, yenyewe inasema 30. Hilo ni joto linalowezekana, kwa hiyo kompyuta nyingi huamini, na mwenye gari anabadilishiwa plagi, koili na nozeli (vipulizia petroli) bure.

Petroli baridi haigeuki mvuke vizuri. Nyingine hunata kwenye kuta za njia ya hewa. Ndiyo maana kompyuta ikiambiwa injini ni baridi hurefusha muda wa nozeli kubaki wazi na kupandisha mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Kwenye injini ya moto mafuta hayo ni ya ziada tu. Plagi hujaa masizi meusi makavu, moshi hunuka petroli, gari huwa zito kuondoka, na baadhi ya gia otomatiki hugoma kuingia gia ya juu. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, mafuta yameshapenya hadi kwenye oili na kupunguza ulainishaji wake. Usiendelee kulitumia gari hivyo, maana katalisti, kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, nayo huharibika kwa petroli inayokwenda kuungulia ndani yake.

Sensa ikisema moto wakati injini ni baridi, gari huwa gumu kuwaka asubuhi, kisha likipata joto linatulia.

Pima kabla ya kununua. Gari likiwa limelala usiku kucha, unganisha skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) na fungua swichi bila kuwasha injini: joto la injini na la hewa inayoingia yakaribiane sana. Washa, tazama namba zikipanda taratibu. Zikirukaruka, anza na waya na soketi. Zikikwama 60 au 70 barabarani, mshuku kwanza thamostati (vali inayoruhusu maji ya kupozea kwenda kwenye rejeta) iliyobaki wazi. Wengi hukosea hapa. Usiiamini geji ya deshibodi peke yake, kwani magari mengine huipa sensa yake.

Kwa sensa ya waya mbili, chomoa soketi: skana ionyeshe karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Unganisha pini mbili za soketi kwa kipande cha waya: joto lipande hadi mwisho. Yote mawili yakitokea, waya ni nzima. Sasa pima sensa kwa multimita: nyingi husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na karibu 300 kwenye 80. Namba kamili zimo kwenye kitabu cha gari lako.

Badilisha sensa wakati injini imepoa kabisa, tumia oringi au washa mpya ya kuzuia uvujaji, na usikaze kupita kiasi. Kisha jaza kulanti (maji ya kupozea injini) na toa hewa yote: kiputo kikikaa kwenye ncha ya sensa, hata sensa mpya itadanganya. Futa misimbo, na kama oili ilinuka petroli, ibadilishe pamoja na filta yake.