Damu Yenye Kazi: Blood ya 1997 kwenye kompyuta ya mtumba

Mashine nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, ni mitumba ya ofisini. Kasha jeusi, ramu giga 4, kadi ya picha hakuna. Mwenyewe akishawekewa Windows, akaona inawaka, swali ni lilelile: "Fundi, hii itacheza gemu gani?" Za kisasa haichezi, tusidanganyane. Kama ni mtu mzima na moyo wake si mwepesi, namwambia anunue Blood, gemu la zamani la kupiga risasi.

Nasema mtu mzima, na namaanisha. Watoto wa shule nikiwa nalo kwenye skrini nawatoa nje. Kuna vichwa vinadondoka humu, na vikidondoka unavipiga teke kama mpira wa makaratasi.

Blood lilitoka 1997. Walilitengeneza Monolith Productions wa Marekani juu ya Build, injini (programu ya msingi inayoliendesha gemu) aliyoiandika Ken Silverman, ileile iliyobeba gemu la Duke Nukem 3D mwaka mmoja nyuma. Unakuwa Caleb, mwuaji aliyejiunga na wafuasi wa pepo mmoja aitwaye Tchernobog, akapanda cheo, kisha pepo huyohuyo akamsaliti na kumwua. Gemu linaanza 1928 Caleb akifufuka kaburini, mkononi ana uma wa kuzolea majani. Anakwenda kudai chake. Hadithi ni hiyo, na mimi sikuhitaji zaidi.

Sasa tuiseme damu yenyewe, maana ndiyo jina la gemu na ndiyo inayowatisha wazazi. Gemu nyingi za kumwaga damu zinaimwaga kama mpaka rangi asiyejua ukuta unaishia wapi. Hapa damu ina kazi. Adui akianguka, mara nyingine anaacha moyo wake chini, bado unadunda, na moyo huo ndio dawa yako: ukiupitia, afya inapanda. Kwa hiyo ukiwa hoi huwezi kujificha pembeni ukasubiri kupona. Inabidi uwafuate waliokujeruhi. Maiti wenye mashoka nao ukiwaangusha usigeuke haraka, baadhi yao huinuka tena. Kichwa kikitoka, hapo umemaliza. Kila kipande kinachoruka kinakupa habari: huyu bado, huyu tayari, yule anaungua na atakimbia huku na huku kabla hajaanguka, mpishe.

Mtu atasema picha ni mbovu. Ni kweli, na ubovu huo una sababu zake. Skrini ya kawaida ya wakati ule ilikuwa nukta 320 kwa 200, yaani nukta 64,000 tu, na rangi 256 kwa kila kitu: ukuta, moto, nyama, giza. Maadui si maumbo kamili, ni picha bapa zilizosimama, ambazo kompyuta inazigeuza zikutazame kila unapokwenda. Ukimsogelea maiti karibu kabisa unaona vigae vya rangi, si uso. Lakini mwache asimame hatua ishirini mbele, penye mwanga hafifu, na vigae vilevile vinakuwa uso ambao hujauona sawasawa. Aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni na kurunzi dhaifu ananielewa. Jiwe ni jiwe, chokaa tupu, ila pale mwanga unapoishia kila jiwe lina mabega.

Silaha ninayotaka kuisema kwa kirefu ni baruti.

Nimekulia Sahare, ufukweni. Utotoni ungeweza kusikia mlio baharini asubuhi, dirisha likatetemeka kidogo, na kila mtu nyumbani akajua ni uvuvi haramu. Hesabu ya baruti watu wa pwani yetu wanaijua hata wasioigusa: utambi ukiwa mfupi unakulipukia mkononi, ukiwa mrefu mzigo unazama na samaki wanakwenda zao. Wapo wazee waliobaki na vidole viwili kwa hesabu hiyohiyo.

Sijaona gemu jingine lililoishika hesabu hiyo kama hili. Caleb anawasha utambi, na kadiri unavyobana kitufe ndivyo atakavyorusha mbali. Ukibana mno, unalipuka nao. Basi kila mrusho ni maamuzi mawili kwa pamoja, umbali na muda, nawe hapo unakimbia huku unapigwa risasi. Kuna na baruti za aina nyingine mbili, ya kutega inayolipuka adui akikaribia, na ya kulipua kwa mbali ukibonyeza mwenyewe. Hizo nazitumia kwa uchache. Ile ya utambi ndiyo roho ya gemu.

Na unaihitaji kwa sababu ya wale watu wa majoho. Wafuasi wa pepo wana bunduki, na risasi zao hazina safari. Katika Doom ya 1993, zimwi likikurushia moto, unauona moto ukija, unakaa pembeni, umepita. Wa Blood wakifyatua, kompyuta inachora mstari kutoka mtutuni hadi kwako, na kama hakuna ukuta katikati, umeumia papo hapo. Hakuna cha kukwepa. Kilichopo ni kutoonekana.

Mpwa wangu, aliyemaliza chuo mwaka juzi, aliligundua hilo kwa uchungu kwenye hatua ya tatu, Phantom Express, ndani ya treni inayokwenda. Mabehewa ni membamba, milango inafunguka, na nyuma ya kila mlango kuna joho linakusubiri. Alikufa nikihesabu hadi kumi na moja, nikaacha kuhesabu.

"Mjomba, huyu ananionaje kabla sijamwona?"

"Kwa sababu unafungua mlango halafu unasimama katikati yake kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Rudi. Simama ubavuni. Tupa kwanza, chungulia baadaye."

Akafungua, akarudi ubavuni, akabana kitufe kidogo tu, akaachia. Baruti ikagonga kizingiti ikamrudia miguuni. Alikuwa amekaa karibu mno na ukuta. Mara ya pili ikaingia. Behewa likatikisika, kofia ikapaa, mguu ukatua upande wetu, na katikati ya sakafu moyo unadunda. Afya ikapanda. Alicheka kwa namna ambayo mama yake asingeipenda.

Bunduki ya miali nayo nisiiruke. Unampiga mtu mwali mmoja, unamganda mwilini, kwa sekunde moja au mbili hakuna kinachotokea, kisha anawaka mzima. Subira hiyo ndogo ni uchawi wa kubuni gemu. Unapiga mmoja, unageukia mwingine, na nyuma yako unasikia kazi imekamilika. Mkono uliokatika unaotambaa na kukukaba koo ndio uliomfanya mteja wangu mmoja asukume kiti nyuma hadi akagonga rafu ya vibodi. Unajikwamua kwa kubonyeza kitufe kwa fujo. Unachekesha, mpaka uwe peke yako usiku.

Sauti imebeba nusu ya hofu yote. Wale wa majoho wana lugha yao ya kubuni, wanapayuka "Crudux cruo!" kabla hujawaona, na hapo ndipo unapojua wako chumba kipi. Jioni moja nilisahau kuchomeka hedifoni. Bibi anayekaanga vitumbua ubavuni mwa banda langu akaja na mwiko mkononi.

"Mwanangu, hao unaowasomesha humo ndani ni watu gani? Na magharibi hii?"

"Shikamoo Bibi. Ni gemu tu."

"Marahaba. Gemu gani linaita hivyo? Zima hilo, uwashe Kurani."

Nikazima.

Kasoro zipo. Mabosi, wale maadui wakubwa wa kumalizia kila sehemu, hawana akili: Shial, yule buibui mkubwa, ni mfuko wa kumalizia risasi, na Tchernobog mwenyewe, baada ya safari yote ile, aliniacha nikijiuliza kama ni huyu kweli. Ramani za sehemu ya kwanza, hasa Dark Carnival, ile ya uwanja wa sarakasi na michezo yake ya vichwa, zina ubunifu ambao za mwisho hazikuufikia. Na ngazi za juu za ugumu zinaacha haki kabisa. Ngazi ziko tano, zimepewa majina kama ya nyama motoni, kutoka mbichi hadi iliyokauka. Anza na ya pili. Wanaoanza na ya tano wananirudishia mausi ikiwa imevunjika, na kutengeneza mausi siku hizi ni hasara kuliko kununua.

Mwendelezo wake wa 1998, Blood II, uache. Walihamia injini yenye maumbo kamili, na giza likapotea njiani.

Naulizwa pia kuhusu DUSK ya 2018, aliyoitengeneza David Szymanski, gemu jipya lililovaa sura ya zamani kwa makusudi. Ni zuri, lina kasi kuliko Blood, na kama mashine yako inalimudu lichukue. Ila kwa jicho langu damu ya DUSK kwa sehemu kubwa ni pambo. Hainilazimishi nimsogelee adui.

Kwenye Windows za sasa nawawekea watu Fresh Supply, toleo ambalo Nightdive Studios walilifanya upya 2019. Linawaka bila kuhangaika na DOSBox, programu ya kuendeshea gemu za enzi za DOS, na hata zile kasha nyeusi za ofisini zinalibeba bila kuhema. Kitu cha kwanza nikifungua ni kurudisha ukubwa wa picha chini, karibu na ule wa zamani. Mteja analalamika kwamba nimeiharibu. Namwambia acheze hatua moja hivyo, taa zikiwa zimezimwa, kisha apandishe mwenyewe akitaka. Wawili wamepandisha.

Mpwa wangu hajapandisha. Juzi alinipigia saa tano usiku, yuko behewa la mwisho la treni, amebakiwa na baruti moja na afya haifiki kumi, na anaulizia kama kuna moyo wowote alioupita njiani bila kuuokota.