Yoga ya Iyengar: maswali na majibu kuhusu kuupanga mwili sawasawa

Yoga ya Iyengar ni ipi?

Ni yoga iliyopewa jina la B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 huko Bellur, katika jimbo la Karnataka nchini India, na kufariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 95. Utotoni aliandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, na alipokwenda Mysore kwa shemeji yake, mwalimu wa yoga Krishnamacharya, alikuwa kijana dhaifu na mwenye viungo vikavu. Kwa maoni yangu, udhaifu huo ndio uliomfanya awe mwalimu wa aina yake, kwa sababu mtu ambaye mwili umemkatalia hulazimika kuchunguza kila kiungo kinavyofanya kazi. Mwaka 1937 alitumwa Pune kufundisha, na mwaka 1975 kilifunguliwa mjini humo chuo chake, chenye jina la marehemu mkewe, Ramamani.

Darasani hakuna haraka. Mkao mmoja hushikiliwa kwa muda, mwalimu anaeleza unyayo ukandamize wapi na bega lielekee wapi, anapita akisahihisha, kisha mkao huohuo unarudiwa.

Kuupanga mwili sawasawa maana yake nini?

Wengi hudhani ni suala la kupendeza machoni. Hasha. Ni kuweka mifupa na viungo mahali ambapo uzito utabebwa na misuli inayopaswa kuubeba, badala ya kuachiwa gegedu za goti au pingili za kiunoni.

Tuchukue mkao wa pembetatu, unaoitwa trikonasana kwa Kisanskriti. Unasimama ukiwa umetanua miguu kiasi cha futi 3 hadi 3 na nusu, unageuza mguu wa kulia wote kuelekea kulia, wa kushoto unauingiza ndani kidogo, unanyoosha mikono kwa usawa wa mabega, kisha unainama upande wa kulia kuanzia kwenye nyonga. Niliwahi kumtazama mama mmoja ambaye alikuwa amefika sakafuni kwa vidole vya mkono na akafurahi kwamba ameweza, lakini makalio yalikuwa yametokeza nyuma, kifua kimetazama chini, na goti la kulia limesukumwa nyuma kupita kiasi huku kilegesambwa, yaani kifupa cha mbele ya goti, kikielekea ndani, mbali na vidole vya mguu. Mwalimu hakumsifu wala kumkemea. Alimwekea kigoda kando ya mguu, akamwambia aweke kiganja juu yake, akaze misuli ya paja mpaka kilegesambwa kipande juu, kisha akizungushe kifua kielekee mbele. Mkono ulipanda sentimita 30 hivi, na papo hapo mbavu zilifunguka, pumzi ikapita vizuri, na yule mama akasema maumivu ya nyuma ya goti yamekoma. Alikuwa mbali zaidi na sakafu, lakini ndipo alipoanza kuufanya mkao wenyewe.

Vifaa si vya wazee na wagonjwa tu?

Ni vya kila mtu. Matofali ya mbao, mikanda, mablanketi, mito mirefu, viti na kamba za ukutani vilienezwa na Iyengar mwenyewe kwa kusudi hilo: sakafu imfuate mtu pale alipo, badala ya mtu kujivunja akiifuata sakafu.

Nisipokuwa na vifaa hivyo nyumbani?

Kanga inatosha kuwa mkanda, kwa kuwa haivutiki. Lala chali, ipitishe kwenye unyayo mmoja, shika ncha zake kwa mikono miwili na uinue mguu ukiwa umenyooka, huku mguu mwingine ukibaki sakafuni. Mguu ukifika nusu ya njia, hapo panatosha. Blanketi lililokunjwa vizuri hutumika kama mto. Kuhusu kiti, chagua cha mbao au chuma na ukiegemeze ukutani, kwa sababu vile vya plastiki hupinda na kuteleza. Mikao ya kusimama usiifanyie juu ya mkeka wa ukili uliotandikwa kwenye saruji, kwani nao huteleza. Afadhali miguu mitupu kwenye sakafu kavu.

Je, inasaidia maumivu ya mgongo?

Kwa kiasi. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2017 na kurudiwa mwaka 2022, yakihusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, yalionyesha kwamba wanaofanya yoga hupata nafuu kidogo kuliko wasiofanya mazoezi yoyote, na kwamba tofauti kati ya yoga na mazoezi mengine ya mgongo ni ndogo au haipo. Baadhi ya washiriki maumivu yao yaliongezeka. Ninalisema hili waziwazi kwa sababu wapo wanaoitangaza yoga kuwa tiba ya kila kitu, na mgonjwa akiacha dawa zake kwa ahadi hiyo anaumia.

Ukiwa na maumivu ya mgongo pamoja na ganzi sehemu za siri, miguu kukosa nguvu, kushindwa kuzuia haja, au homa, nenda hospitali mara moja.

Nani achukue tahadhari?

Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, glakoma, tatizo la retina au maumivu ya shingo asifanye mikao ya kichwa chini miguu juu. Mwenye mifupa iliyopungua uimara aepuke kuinama mbele kwa kukunja mgongo. Mjamzito amweleze daktari na mwalimu kabla ya kuanza. Kuhisi msuli ukinyooka ni jambo la kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo, au ganzi, ni ishara ya kutoka kwenye mkao bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Je, ni ibada?

Yoga imetokana na mapokeo ya dini na falsafa za India, na madarasa mengi ya Iyengar hufunguliwa kwa maneno ya Kisanskriti ya kumtukuza Patanjali, mwenye hekima wa kale. Ni haki yako kumuuliza mwalimu mapema, na kunyamaza wakati huo ikiwa imani yako haikuruhusu.

Mbona mazoezi ya pumzi hayafundishwi mwanzoni?

Iyengar alitaka kifua na uti wa mgongo viwe imara kwanza, kwa kuwa anayeketi huku mgongo umejikunja hubana mapafu yale yale anayotaka kuyafungua. Kwa hiyo anayeanza huanza na kusimama. Mwishoni mwa kila kipindi hulala chali, kichwa juu ya blanketi, viganja vikitazama dari, kwa dakika 5 au zaidi, na anapoamka hugeukia kwanza upande wa kulia, akatulia, ndipo akajiinua kwa mikono.