Nyuso Zilizopauka za Nicholas Hilliard

Mbele ya picha ndogo za Nicholas Hilliard, mchoraji wa Uingereza wa karne ya 16, swali ni lilelile: mbona makabaila hawa wamepauka kama watu waliotoka kuugua? Hilliard hakuwachora hivyo. Wekundu wa mashavu na midomo aliuweka kwa rangi nyepesi zisizostahimili mwanga, na kwa zaidi ya miaka 400 mwanga umeula.

Hilliard alizaliwa Exeter, Uingereza, mnamo 1547 hivi, mtoto wa sonara. Alijifunza usonara London kwa Robert Brandon, sonara wa Malkia Elizabeth I, na baadaye akamwoa binti yake, Alice. Alipokuwa mchoraji wa malkia, mkono ulibaki wa kisonara. Alichora juu ya ngozi ya ndama iliyolainishwa mno, ikagandishwa kwenye karata ya kuchezea ili isijikunje. Rangi zilichanganywa na maji na gundi ya mgunga, brashi ikiwa ya manyoya ya kindi.

Tazama lulu moja tu. Kwanza aliweka tone zito la rangi nyeupe, likainuka kama kipele. Juu yake akagusa chembe ya unga wa fedha, kisha akaisugua kwa jino la mnyama mdogo wa jamii ya kicheche mpaka iwake. Leo lulu nyingi zina doa jeusi, na watu hudhani ni kivuli alichokichora. Ni fedha iliyoingia weusi, kama bangili iliyokaa sandukuni miaka mingi. Bangili unaweza kuisugua ikarudi kung'aa. Hapa ukisugua unaondoa fedha yenyewe, kwa hiyo sisi wahifadhi tunaiacha.

Vivuli usoni ni haba kwa makusudi. Hilliard mwenyewe aliandika kwamba malkia alichagua kukaa kwenye njia ya bustani iliyo wazi, pasipo mti karibu wala kivuli. Aliwashauri pia wachoraji wavae hariri, isiyomwaga nyuzi, na wajihadhari mate yasirukie kazi wanapozungumza.

Nyingi ya picha hizi zinaenea kiganjani. Ile ya George Clifford, kabaila wa Cumberland, ya mnamo 1590 hivi, ni kubwa kuliko kawaida, takriban sentimita 26 kwa 18, na imehifadhiwa Greenwich, London. Amesimama na mkuki wa mashindano ya farasi, glavu ya malkia imebandikwa kwenye kofia yake. Mwaka 1590 ndipo alipokuwa bingwa wa malkia, yaani shujaa wake katika mashindano hayo, na glavu ile ilitangaza heshima hiyo pasipo maneno.

Ukikuta chumba cha maonyesho kina giza, usidhani taa zimeharibika. Tunazipunguza hadi luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga) ili kilichobaki cha wekundu ule kisitoweke. Yape macho dakika chache yazoee, kisha sogeza kichwa polepole kushoto na kulia. Dhahabu iliyomo pichani itawaka na kuzimika, kama ilivyokuwa mtu alipoigeuza picha mkononi kando ya mshumaa.