Shoti ya stima si shoti ya makanga

Taa ya shetri, nyuma ya boti, haiwaki: "shoti hiyo." Pampu ya kufua maji inazunguka kivivu: shoti. Swichi imeganda kwa chumvi, nayo ni shoti. Ukipita Liwatoni, bandari ya wavuvi Mombasa, boti zinaporudi asubuhi, neno hilo moja linatosha kueleza kila kasoro ya waya, na likishatamkwa hakuna anayetafuta zaidi.

Shoti ni hali moja tu. Waya wa chanya umekutana na wa hasi bila kupitia kwenye taa, pampu au chombo chochote cha kuitumia stima. Basi.

Balaa limeanzia kwenye neno. Kwa Kiingereza, lilikotoka, lina maana ya fupi, na kilichofupishwa ni njia: stima ilitakiwa itoke kwenye betri, ipite fyuzi, swichi na taa ndipo irudi, sasa imepata njia ya mkato. Lakini neno hilohilo lilituingia pia kwa mlango wa pesa. Makanga wa matatu akihesabu pesa jioni zikapunguka, ana shoti. Kwa hiyo mtu akiona taa imefifia, anasema ina shoti, yaani stima imepunguka. Kumbe kwenye shoti ya kweli stima imezidi! Taa ya wati 25 kwenye betri ya volti 12 hula ampea 2 hivi. Chanya ikigusa hasi, betri ileile hutoa mamia ya ampea, na fyuzi ya ampea 5 hukatika papo hapo. (Kiswahili cha zamani kina shoti ya tatu, ya farasi anayetimua mbio, na hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na jambo lenyewe.)

Ndiyo maana cha kwanza kutazamwa ni fyuzi. Ikiwa nzima, ya ukubwa wake, na hakuna aliyeifunga kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, toa shoti kichwani. Ikikatika kabla hujagusa swichi, waya umechubuka kati ya fyuzi na swichi. Ikikatika unapowasha tu, tafuta baada ya swichi. Ikichukua sekunde kadhaa, huenda si shoti kabisa: pampu imenasa uzi wa nyavu au magamba, haizunguki, nayo mota ya pampu iliyokwama hula ampea nyingi kupita kiasi.

Swichi yenye kitaa ndani ina miguu mitatu, na hapo shoti huundwa kwa mkono wa fundi. Mguu mmoja ni wa kuingilia, wa pili wa kwenda kwenye taa, wa tatu wa hasi, kwa ajili ya kile kitaa tu. Ukibadilisha huu wa tatu na wa pili, kubonyeza swichi ni kuunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Anayeona fyuzi ya 5 inakatika kila mara, akaweka ya 20, ameugeuza waya kuwa fyuzi, kando ya tangi la petroli.

Kasoro iliyo nyingi zaidi baharini, hata hivyo, ni kinyume cha shoti: njia imekatika, au imeliwa na chumvi. Maji huingia kwenye ncha iliyomenywa na kutambaa ndani ya ganda. Nje waya unang'aa, ndani shaba imekuwa unga wa kijani. Mita ya kupimia volti nayo hudanganya hapa. Ukichomoa pampu ukapima, utasoma volti 12.6 hata kama umebaki uzi mmoja, kwa sababu mita haivuti stima ya maana.

Pima pampu ikiwa imeunganishwa na swichi imewashwa, ncha moja ya mita mguu wa kuingilia, nyingine mguu wa kutokea. Swichi nzima husoma karibu na sifuri. Ukisoma volti 1 au 2, imeliwa ndani. Ukisoma karibu 12, haifungi kabisa. Ukipata sifuri na pampu bado dhaifu, iache swichi, fuata waya, ukianza na mweusi wa kurudi, ambao hakuna anayeukumbuka. Kata mpaka ukutane na shaba inayong'aa, mara nyingine shibiri nzima, na unapouunga tumia waya wa shaba uliopakwa bati.

Waya uliokatika, basi, tuuite umekatika, na swichi iliyoliwa na chumvi tuseme imeliwa. Ama ile pampu inayozunguka kivivu, betrini volti 12.4, kwenye pampu 9, kama ni lazima iitwe shoti, iwe ile ya makanga: zimepungukia njiani.